Uzi: Miezi 7 nazunguka kwa madaktari bingwa, kumbe nlikuwa nagonga milango isiyo yangu. Karibuni tuelekezane nani anatibu nini

#1 Mleta mada

Wakuu habari za saa hizi. Uzi mrefu kidogo, mvivu wa kusoma apite tu hatutamdai.

Ilianza asubuhi moja, nimegeuka kitandani upande wa kulia nichukue simu, chumba kikazunguka. Sio ile ya kuona giza ukisimama ghafla, hapana, chumba chenyewe kinazunguka, taa ya juu inakimbia upande mmoja inarudi inakimbia tena, nikashika godoro kwa mikono miwili kama mtu yuko juu ya mtumbwi. Nusu dakika hivi ikaisha. Nikajisemea uchovu. Kesho yake nimeinua kichwa kutoa begi juu ya kabati, tena. Keshokutwa tena.

Sasa hapa ndo ujanja wangu uliponiponza. Nikajiamulia mwenyewe hii ni presha au moyo, nikaenda moja kwa moja kwa bingwa wa moyo, sikutaka kupita kwa daktari wa kawaida mana niliona ananichelewesha, si ataniandikia tu rufaa. Kipimo cha umeme wa moyo safi, eko (picha ya moyo) safi, nikaambiwa mzima kapumzike. Nikahamia kwa macho, nikatoka na miwani. Miwani naipenda kusema kweli imenikaa vizuri lakini chumba kiliendelea kuzunguka. Nikaenda kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, picha ya CT ya kichwa, safi. Sehemu nyingine nikapewa vidonge vya kizunguzungu, kazi yake ilikuwa kunilaza tu, mchana kutwa nasinzia kazini.

Miezi 7 wakuu. Bahasha ya vipimo imenenepa kuliko faili la kesi ya ardhi na kila karatasi imeandikwa kawaida, kawaida, kawaida. Ukifika hapo unaanza kujiuliza labda ni wazimu.

Kilichokuja kuniponya ni kikohozi cha mtoto. Nimempeleka mwanangu kwa daktari wa kawaida tu, kijana, kiatu cha mtoto kikadondoka nikainama kukiokota, nilipoinuka nikadaka meza. Akaacha kuandika. Akaniuliza: inachukua muda gani ikikushika? Inakuja ukiwa umetulia au mpaka ugeuze kichwa? Masikio unasikia sawa? Yani maswali matatu. Nikamjibu, akaandika barua nusu ukurasa kwenda kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Nikacheka moyoni, sikio na kuzunguka kwa chumba wapi na wapi.

Yule bingwa wa masikio hakuniandikia kipimo chochote. Kanikalisha kitandani miguu imenyooka, kanigeuza kichwa kulia, kanilaza chali haraka haraka mpaka kichwa kikaning'inia kidogo ukingoni, "usifunge macho, hata kikizunguka usifunge". Kikazunguka kweli, macho yakawa yanacheza yenyewe na yeye ameinama anayatazama kama fundi anasikiliza injini. Akasubiri yatulie. Akageuza kichwa upande wa pili, akasubiri, akanigeuza mwili mzima nikaangalia sakafu, akasubiri, akanikalisha. Dakika chache tu. Akarudia mara moja tena. Usiku ule nikageuka kulia kwa hofu nimeng'ata meno, chumba kimetulia tuli.

Maelezo aliyonipa: ndani kabisa ya sikio kuna vichembe vidogo vya chokaa vinavyosaidia mwili kujua juu ni wapi chini ni wapi. Vikichomoka vinaingia kwenye mifereji ya usawa, ukigeuza kichwa vinaserereka na kuudanganya ubongo kwamba unazunguka. Vinatulia ndani ya dakika moja, ndo mana na kizunguzungu kinaisha. CT haivioni. Kile kipimo cha kulazwa kinaitwa Dix-Hallpike, kipo tangu 1952, na ile namna ya kugeuzwa geuzwa ilichapishwa na daktari Mmarekani John Epley mwaka 1992. Yani dawa ilikuwepo miaka yote, ni mikono ya mtu na kitanda.

Ninachotaka kusema ni kwamba kwa mimi mabingwa hawakukosekana, nilikutana nao kibao. Kilichokosekana ni mtu wa kwanza wa kunisikiliza mpaka mwisho kabla sijachagua mlango. Na lawama siwatupii wao peke yao, mimi nilikuwa nafika nasema "nasikia kizunguzungu" nukta. Kila mmoja akatafuta kwenye kiungo chake, hakuona, akanirudisha.

Haya, mwenye lake aweke hapa. Nani anatibu nini, na ulimpataje huko ulipo.

#2

Ngoja nikae siti ya mbele kabisa

#3

Mkuu umenigusa. Mama yangu ana kitu hicho hicho, akigeuka kitandani anapiga kelele, ana miaka 68. Tumeambiwa presha, anakunywa dawa za presha mwaka sasa na bado. Nimpeleke masikio moja kwa moja?

#4 Mleta mada

#3 pole kwa mama. Mimi sio daktari, ila kwanza dawa za presha asiziache kwa sababu ya uzi wangu. Mwangalie: kinachukua sekunde au kinachukua masaa? Mpaka ageuke au hata ametulia? Andika. Halafu nenda na hayo maandishi.

#5 (nesi, miaka 14 kazini)

Naomba niongezee hapo kwa #3 kabla hamjaondoka, mana kizunguzungu sio cha kuchezea. Kikija na mdomo kupinda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kabisa kutembea, au kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote, hiyo haitafutiwi bingwa, hiyo ni dharura, unakimbia hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura muda huo huo. Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha inayotolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya kupewa lazima upigwe picha ya kichwa, kwa hiyo ukikaa nyumbani unasubiri "iishe yenyewe" muda ndo unakwisha. Na mkifika mseme saa ngapi mara ya mwisho alionekana mzima. Swali hilo tunauliza kila siku na ndugu wanatazamana.

Kuhusu presha ya mama: ilipimwaje? Siulizi kwa ubaya. Nimeona watu wanaanzishiwa safari ya maisha kwa kipimo kimoja kilichochukuliwa mtu katoka kupanda ngazi, anaongea na simu, mkono unaning'inia, kibofu kimejaa. Vyote hivyo vinaipandisha. Inatakiwa akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini isikunjwe, mkono umelazwa usawa wa moyo, mkanda uwe juu ya ngozi sio juu ya sweta, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa ya uongo. Mkipata mashine nyumbani mpimeni asubuhi na jioni siku 7, kila mara mara mbili, za siku ya kwanza mzitupe, zilizobaki mtafute wastani. Nyumbani wastani wa 135/85 kwenda juu ndo wa kumpelekea daktari aangalie, hospitali wengi wanatumia 140/90. Kaandikeni kwenye daftari, daftari hilo daktari atalipenda kuliko maelezo ya nusu saa.

#6

Nesi ubarikiwe. Mi nlikuwa nakunja nne kila siku napima

#7

Naomba nipinge kidogo mleta mada. Unasema tupite kwa daktari wa kawaida kwanza, lakini wengine tumepotezwa na hao hao wa kawaida. Shemeji yangu alikuwa anapewa dawa za tumbo mwaka mzima bila kutumwa popote. Kama una uwezo wa kwenda kwa bingwa nenda, usisubiri ruhusa ya mtu.

#8 Mleta mada

#7 sikupingi, nimesema wa kwanza wa KUSIKILIZA. Kama ni miezi miwili mitatu dawa ile ile hali ile ile, muulize waziwazi: "daktari, kama hii isingekuwa tumbo la kawaida ingekuwa nini, na ni nani wa kuangalia hiyo?" Akikasirika badilisha. Mzuri hakasiriki, anafikiri.

#9

Hapo kwa mabingwa wengi mniruhusu niwape ya baba yangu, mana hii haisemwi. Mzee alipewa amlodipini ya presha kwa bingwa mmoja. Vizuri. Miguu ikaanza kuvimba, akaenda kwa mwingine, hakubeba dawa zake hakusema anakunywa nini, akapewa dawa ya kukojoa ili miguu ishuke. Sasa usiku haulali, anaamka mara nne tano kwenda chooni. Akaenda kwa wa tatu kulalamika usingizi, akapewa ya usingizi. Usiku mmoja kaamka na usingizi wa dawa anaenda chooni kaanguka, nyonga imevunjika. Daktari wa mifupa ndo wa kwanza kusema leteni dawa ZOTE mezani. Akazipanga, akanyoosha kidole kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwenda ya tatu. Kuvimba miguu ni tabia inayojulikana ya ile dawa ya kwanza, ilitakiwa ibadilishwe tu au ipunguzwe. Tulikaa kimya pale ofisini, hata mzee.

Kila aliyemtibu alitibu sawa kwa alichokiona. Hakuna aliyeona zote.

Toka siku hiyo kuna mfuko mmoja nyumbani, dawa zote zinakaa humo na makasha yake, mpaka dawa za macho, mpaka virutubisho. Ukienda kwa daktari unaubeba mfuko, huhitaji kukumbuka jina.

#10

#9 pole sana kaka, hii ya mfuko nimeichukua leo leo.

#11

Msisahau macho. Nimepoteza nusu ya jicho la kushoto kwa presha ya macho (glakoma) na sikuwahi kusikia maumivu hata siku moja. Inakula pembeni kwanza, ubongo unajazia, unajua uko sawa kumbe unaanza kugonga fremu za milango. Mi nligundua nilipofunga jicho la kulia nitoe kipande cha kitu kwenye kope, nikaona mlango upo nusu. Daktari akaniambia kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Marehemu baba alikuwa haoni uzeeni tukawa tunasema ni umri tu. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, nenda, mwambie akupime presha ya jicho NA aangalie mshipa wa fahamu wa jicho kwa nyuma, vyote viwili, mana kuna wenye presha ya jicho ya kawaida kabisa na mshipa unakufa. Miwani unapimiwa hata na mtu ambaye hakuangalii nyuma ya jicho, usidhani ukishapimwa miwani macho yamepimwa.

#12

Na wenye sukari jamani, macho kila mwaka hata kama unaona vizuri. Miguu pia, na mkojo uangaliwe protini kwa ajili ya figo. Na ukiwa unafuatiliwa ulizia kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, HbA1c, mana hii ya asubuhi kabla ya kula inaonyesha ya leo tu, mtu anajibana siku mbili kabla ya kliniki anapata namba nzuri anadanganya daktari. HbA1c haidanganyiki hivyo. Sijui kwanini nacheka, mimi ndo nilikuwa nafanya hivyo.

#13

Swali la kizembe: unamjuaje kwamba huyu ni bingwa kweli? Siku hizi kila bango limeandikwa bingwa.

#14 (nesi)

#13 sio la kizembe hata kidogo. Karibu kila nchi ina baraza au bodi inayosajili madaktari, nyingi zina orodha mtandaoni, unaandika jina au namba ya usajili unaona amesajiliwa kama nani na leseni iko hai au imeisha. Bingwa anaonekana kama bingwa wa fani fulani, sio neno bingwa peke yake. Dalili nyingine za kushtuka: anatibu kila kitu kuanzia figo mpaka nguvu za kiume, anakuuzia dawa isiyo na jina kwenye kikopo, anakwambia usiwaambie madaktari wengine, anahakikisha utapona. Anayejua kazi yake anakwambia pia kinachoweza kwenda vibaya.

Na kama unaambiwa upasuaji ambao sio wa dharura, kutafuta maoni ya daktari wa pili sio ukosefu wa adabu. Omba nakala ya picha na majibu, nenda kasikilize. Mabingwa wenyewe wakiugua wanafanya hivyo.

#15

Wengine huku tuliko bingwa anakuja mara moja kwa mwezi, siku ile watu 200 nje. Mnatushaurije?

#16 Mleta mada

#15 hii ndo hali ya wengi. Nilichojifunza kwa kugongwa: siku ya bingwa isiwe siku ya kuanza vipimo. Wiki moja kabla nenda kwa daktari wa kituo chenu, muulize yule akija atataka nini, damu gani picha gani, vifanyike mapema uingie na majibu mkononi. Ukiingia bila majibu atakuandikia vipimo, utavipata ameshaondoka, mwezi mwingine. Na karatasi moja tu, sio bahasha: lini imeanza, inakuja vipi, inachukua muda gani, nini kinaizidisha nini kinaituliza, dawa gani, nini kinakuuma zaidi. Ana dakika chache, mpe kitu cha kushika.

#17

Kuongezea hapo, ngozi inawezekana kwa picha. Daktari wa wilayani kwetu alimtumia bingwa wa ngozi picha za mwanangu akajibiwa siku hiyo hiyo. Ila picha iwe ya mchana kwenye mwanga wa dirishani, sio tochi ya simu, moja ya karibu, moja ya mbali ionekane iko wapi mwilini, na uweke rula pembeni ijulikane ukubwa. Mi ya kwanza niliyotuma ilikuwa kama picha ya ramani ya mwezi. Tumbo linalouma usitume picha mkuu, tumbo linataka mkono.

#18

Mgongo je? Miaka miwili unauma, kila mtu ananiambia niende kwa bingwa wa mifupa nipigwe picha ya emaarai (MRI)

#19 (nesi)

#18 mgongo mwingi wa kawaida hauhitaji emaarai, hata watu wasio na maumivu yoyote ukiwapiga picha utakuta diski zimechakaa, halafu mtu anaanza kuogopa picha badala ya kutembea. Mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia mara nyingi yanakufikisha mbali kuliko picha, na kulala kitandani wiki nzima kunazidisha. LAKINI: ukishindwa kuzuia mkojo au haja, au mkojo ukagoma kutoka, ukipata ganzi sehemu unayokalia, miguu ikalegea, hiyo ni dharura leo sio kesho. Na mgongo pamoja na homa, au kupungua uzito bila sababu, au uliwahi kuwa na saratani, mwambie daktari hayo kwanza kabla hata ya mgongo.

#20

Dada zangu nasi, kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia miaka 30, wenye VVU kuanzia 25, na kile cha kirusi cha HPV ukikutwa salama unaweza kukaa miaka 5 mpaka 10 ndo urudie (wenye VVU miaka 3 mpaka 5). Siku hizi sehemu nyingine unachukua sampuli mwenyewe na kijiti, hakuna kuchungulia. Nimeahirisha miaka sita kwa aibu, kumbe ni dakika mbili. Bingwa huhitaji hapo, kliniki ya kawaida inatosha.

#21

Uzi umekuwa darasa. Mods uwekeni juu.

#3 (amerudi)

Nimerudi kutoa mrejesho. Nilikaa na mama siku tatu na daftari. Sekunde 20, 25, 20. Upande wa kushoto tu, akigeuka kulia hamna kitu. Nilivyosoma hayo maandishi daktari wa kituo akanikatisha katikati akaanza kuandika barua. Leo tumetoka kwa masikio, ametibiwa kama alivyosema mleta mada, kazungushwa mara mbili, ya kwanza alinishika mkono mpaka kucha zikabaki. Presha anayo kweli ila nyumbani inakaa vizuri na dawa, ataendelea nazo, hiyo ni habari nyingine.

Mama alipokalishwa akamwangalia daktari akamuuliza, "ndo hivyo tu?" Daktari akamwambia ndo hivyo mama, vinaweza kurudi, vikirudi njoo. Kwenye gari njia nzima ananisimanga, "mwaka mzima nalala nimekaa na mito mitatu."

Nikifika home namtoa mito miwili.